Kutafuta ukoo wa Ireland: nyaraka za bure, tovuti ya kulipia au DNA?

BintiPangani
Habarini wadau. Niko Boston, nimeolewa na Mmarekani. Mama mkwe wangu ana miaka 84 na alilelewa na bibi yake, Nora Sullivan, aliyekuja kwa meli akiwa msichana, mwaka 1912. Tunajua alitoka kaunti ya Kerry, Ireland, basi. Mama anataka kujua kijiji chenyewe akiwa bado na macho ya kusoma. Kuna tovuti ya kulipia kila mwezi, kuna kipimo cha DNA, kuna za bure. Pesa si nyingi. Nianzie wapi?

MzeeWaNyaraka
Dada, usilipe kitu kwanza. Kerry imejaa Sullivan. Ukiingia na jina tupu utapotea. Anzia hapo hapo Boston. Tafuta cheti cha kifo cha Nora na rejista ya ndoa yake kanisani, upate majina ya wazazi wake. Jina la mama kabla ya kuolewa ndilo litakalokuokoa. Karatasi za uraia tafuta za mumewe: hadi 1922 mke alifuata uraia wa mume, kwa hiyo za kwake huenda hazipo kabisa.

Kaka_Cork
Naunga mkono. Ukishapata wazazi, nenda kwenye sensa za 1901 na 1911 za Hifadhi ya Taifa ya Ireland, bure kabisa, unaona picha ya fomu yenyewe. Kama aliondoka 1912, mwaka mmoja nyuma alikuwa bado kwao. Usihangaike na sensa za karne ya 19, karibu zote zimepotea: nyingine serikali iliziharibu yenyewe, na za 1821 hadi 1851 ziliungua Dublin tarehe 30 Juni 1922, jengo la kumbukumbu lilipolipuka wakati wa vita.
Umri usiuamini sana. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, ya kuanzia miaka 70, na utaona watu wengi "wamezeeka" miaka 14 au 15 ndani ya sensa mbili zilizopishana miaka 10, ili waipate.

Mama_Wawili
Kwa Kerry nina neno. RootsIreland, tovuti ya kulipia, ni nzuri na ningeishauri kwa kaunti nyingi, ila rejista za makanisa ya Kerry hazimo humo. Ziko irishgenealogy.ie, bure, pamoja na rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo tangu 1864. Ungelipia usichokihitaji.
Ubatizo umeandikwa Kilatini mara nyingi: Nora utamkuta kama Honora, James ni Jacobus. Na usishtuke ukikuta amebatizwa *kabla* ya kuzaliwa. Wazazi waliochelewa kumsajili mtoto serikalini walisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa wasipigwe faini. Mimi huamini ya kanisa.

Salma_Leeds
Naona DNA mmeiruka, na mimi ndiyo iliyonisaidia kwa upande wa watoto wangu. Kama bei inawezekana, apime mama mkwe, si mumeo: yeye amebeba takriban robo ya Nora, mumeo nusu ya hiyo. Mate yake leo hayatakuwepo kesho.

MzeeWaNyaraka
Kupima sawa, Salma, lakini kipimo peke yake hakitaji kijiji. Kitamletea orodha ya binamu, wengi wao Wamarekani wanaotafuta kijiji kile kile. Nyaraka kwanza, halafu DNA ithibitishe.

BintiPangani
Wadau, narudi baada ya wiki tatu. Paroko alitufungulia kitabu cha ndoa: wazazi wa Nora ni Daniel Sullivan na Johanna, aliyekuwa Shea kabla ya kuolewa. Jumapili tukafungua sensa ya 1911 mezani, nikaikuza picha. Daniel amejaza fomu kwa mkono wake, herufi zimelala kulia. Nora yumo, miaka 18. Juu ya ukurasa wa tovuti limeandikwa jina la taunilandi, kile kipande cha ardhi chenye jina lake, kidogo kuliko parokia. Mama alilitamka mara mbili. Akasema bibi alikuwa akilitaja jikoni, yeye alidhani ni jina la mtu.
Kisha akasoma mstari wa Johanna: watoto waliozaliwa hai 10, walio hai 8. Akauliza, "Na hao wawili ni akina nani?" Hatukuwa na jibu.

Mama_Wawili
Mpe pole mama. Hao wanatafutika. Orodhesha watoto wote waliobatizwa kwa Daniel na Johanna hao, toa wale unaowakuta kwenye sensa na wale waliokwishaondoka nyumbani. Kama jina moja limerudiwa miaka michache baadaye, mara nyingi wa kwanza alifariki na mdogo akapewa jina lake. Ukipata majina, fungua vifo vya wilaya hiyo hiyo. Niandikie taunilandi, leo usiku nianze nawe.

BintiPangani
Nimekutumia faraghani. Mama anakusalimu, amekaa hapa pembeni na miwani yake.