Wakuu, nimeshusha giaboksi ya Datsun 240Z, nitajuaje ni ya aina gani?

Kipanga_Pongwe: Wakuu salaam. Nipo Tanga. Nimeshusha giaboksi ya Datsun 240Z, kazi ya siku mbili. Nilimwaga oili, nikavua konsoli na gia liva kwa ndani, nikaingia chini nikatoa propela, kebo ya spidi, nyaya za taa ya rivasi, silinda ndogo ya klachi na stata, injini nikaiegemeza kwa jeki na kipande cha mbao. Ile bolti ya juu kabisa ya belhauzi, lile ganda la mbele linaloshikana na injini, imenitoa damu. Sasa giaboksi imelala kwenye gunia. Ni ya gia nne. Nimepata ya gia tano kule Gerezani, Dar, ya pikapu, laki tisa, na jamaa anachukua na hii yangu juu yake. Nataka kujua tu hii ni aina gani na kama ile itaingia. Fanyeni haraka, nina hadi Jumamosi.

Nyundo_Kilo2: Uza hilo dude ununue Toyota IST ulale usingizi.

Mzee_wa_Reli: Umenikumbusha mbali. Mwaka 1973 nilikuwa darasa la tatu Nairobi, baba akifanya kazi reli. Shekhar Mehta na Lofty Drews walichukua mbio za magari za Safari kwa 240Z, tena baada ya kulingana pointi za adhabu na Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Watu walibishana hadi Krismasi. Miaka miwili kabla yake Herrmann na Schüller walishinda kwa gari hilo hilo. Baba alinibeba mabegani nione zikipita, nikaona tope na kofia za watu. Kuhusu giaboksi sijui kitu.

Fundi_Spana14: Tazama belhauzi. Kama ni kipande peke yake kilichofungwa kwa bolti kwenye boksi, hiyo ni ya mwanzo, herufi A. Kama belhauzi na boksi vimemiminwa pamoja, ni B, ya baadaye. Hiyo ya pikapu ipime kwanza: mkia ukiwa tofauti, gia liva haitatokea kwenye tundu la gari lako, na propela nayo haitakaa. Kola ya beringi ya klachi unafuata presha pleti yako, usichukue tu iliyokuja na boksi. Sasa niambie, barabarani ilikuwa na tatizo gani?

Kipanga_Pongwe: Shukrani mkuu. Belhauzi ni kipande peke yake. Tatizo ni la kawaida tu, umri. Propela naweza kuikata na kuichomelea?

Fundi_Spana14: Umri wake naujua. Inakwaruza gia ipi, ikiwa baridi au moto?

Binti_Pangani: Huyu anakwepa. Wangu naye alisema "tatizo la kawaida tu" kuhusu friji, kumbe alishaliuza.

Kipanga_Pongwe: Haya. Sijawahi kuliendesha. Gari ni la baba mkwe. Yuko Muscat kwa binti yake mkubwa, anarudi Jumamosi. Kabla hajasafiri alikuwa akilalamika rivasi inagoma na kukwaruza, nikataka arudi akute limetengenezwa. Laki nne za advansi nimeshatoa, kwa hiyo tafadhali msianze habari za nisinunue. Na gia tano ni bora kuliko nne, hilo hata mtoto anajua.

Binti_Pangani: Mahari umemaliza?

Kipanga_Pongwe: Hilo halihusiani na giaboksi.

Nyundo_Kilo2: Hajamaliza.

Fundi_Spana14: Rivasi haina sinkro, ile pete inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Klachi isipoachia sawasawa, lazima ikwaruze hata boksi likiwa zima. Ile silinda ndogo uliyovua, mpira wake wa vumbi ulikuwa mkavu?

Kipanga_Pongwe: Umelowa. Hata chasi upande ule rangi imebabuka.

Fundi_Spana14: Mafuta ya breki hayo. Ungebadilisha raba za silinda na kutoa upepo, saa moja kazi imekwisha. Boksi lisingeguswa.

Sukari_Kidogo: Wakuu, mnakunywa chai hapa, stori ya kutunga hii. 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani, namba ya chesi inaanza na HS30, na zilitoka kiwandani na gia tano. Za gia nne ndizo zilizopelekwa Marekani, HLS30, usukani kushoto. Huyu yuko Tanga na gia nne, mkwe yuko Muscat, Jumamosi inakaribia, mahari haijaisha. Juzi tulipewa Benzi la babu, leo Datsun la mkwe. Mleta uzi, chesi yako inaanzaje? Imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi.

Nyundo_Kilo2: Nilete vitafunwa?

Mzee_wa_Reli: Chai au si chai, Mehta alikuwa dereva.

Kipanga_Pongwe: HS30. Nimetoka kuangalia kwa tochi. Usukani uko kulia. Na gia nne zimechorwa juu ya kichwa cha gia, sikuota.

Sukari_Kidogo: Kichwa cha gia hata cha trekta kinaingia.

Fundi_Spana14: Tuache kubishana. Rudisha gia liva kwenye boksi. Weka ya nne, zungusha shafti ya mbele mara kumi, ya nyuma nayo itazunguka kumi. Kisha vuta liva kulia kabisa, sukuma mbele. Ikikubali, hesabu tena.

Kipanga_Pongwe: Nimechora chaki mbele na nyuma, mke wangu anahesabu, mimi nazungusha. Ya nne kumi kwa kumi. Kulia mbele imeingia, tena laini. Mbele kumi, nyuma kumi na moja na zaidi ya nusu. Tumerudia mara tatu, mke wangu sasa hanisemeshi.

Fundi_Spana14: Hiyo ni ya tano, uwiano 0.852. Boksi lake la kiwandani hilo, A ya gia tano. Ulikuwa unatoa gia tano na laki tisa juu ili upewe gia tano za pikapu. Lirudishe. Oili weka ya daraja la GL-4, si GL-5. Na raba za silinda usisahau.

Nyundo_Kilo2: Kwa hiyo wa Gerezani alijua.

Sukari_Kidogo: Samahani mkuu, chai naimwaga. Lakini picha bado.

Kipanga_Pongwe: Picha siweki, sakafu ya mkwe ina oili hadi mlangoni.

Binti_Pangani: Hicho kichwa cha gia nne kilitoka wapi?

Kipanga_Pongwe: Nimemuuliza mama mkwe. Anasema cha zamani kilipasuka, mzee akang'oa cha pikapu ya shamba. Ya tano anaijua fika, ila haendi mbali zaidi ya Muheza, anasema ya nini. Jamaa wa Gerezani kapiga mara ya tatu, anauliza boksi langu napakia basi la leo au la kesho.

Fundi_Spana14: Hata simu usipokee.