Naomba ushauri: kinga ya rais kikatiba dhidi ya Mkataba wa Roma

Wakuu, naandika tasnifu na nimekwama kwenye ibara ya 27 ya Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Inasema wadhifa haumkingi mtu na mashtaka, hata awe mkuu wa nchi. Katiba nyingi zinampa rais kinga. Ufaransa ilirekebisha kwanza katiba yake 1999, ikaridhia 2000. Mahakama ya Katiba ya Albania, 2002, haikuona mgongano: kinga inahusu mahakama za ndani tu. Hapo ndipo ninaposumbuka sana, maana atakayemkamata mtuhumiwa ni polisi yuleyule wa ndani! Msimamizi wangu anataka nichague upande. Waliobobea kwenye sheria, je, tafsiri ya mahakama inatosha, au nitetee marekebisho ya katiba?