Wakuu, "kufidia hasara" ni kulipa au kulipwa?

MzeeWaTurubai: Habari za jioni wakuu. Nakodisha viti na maturubai hapa Morogoro. Harusi ya juzi viti 12 vimerudi vimevunjika miguu. Nikamwandikia mteja: "Viti 12 vimevunjika, itabidi nifidie hasara." Nilimaanisha hela yangu irudi, tena itoke kwake. Akajibu: "Ahsante kaka, Mungu akuzidishie." Sasa kila nikimdai ananirudishia ujumbe wangu mwenyewe. Hili neno asili yake ni nini, na nimtumie ujumbe gani?

MwanaPangani: Pole mkuu, ila umejifunga goli. Anayefidia ndiye anayetoa. Neno ni la Kiarabu, fidaa na fidya: mali inayotolewa kumkomboa mateka. Ndiyo maana Marko 10:45 ina "fidia ya wengi", na kwetu Waislamu mzee asiyeweza kufunga hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku ya Ramadhani iliyompita. Kote huko mfidiaji hapokei kitu.

Dalali_Mstaafu: Mbona mimi nikila hasara Jumatatu, Jumanne nauza sana nasema nimefidia?

MwanaPangani: Sahihi kabisa, lakini umeziba shimo la Jumatatu kwa faida ya Jumanne. Umetoa mfukoni mwako. Ndivyo mteja wa mzee wetu alivyoelewa, na wala simlaumu.

TichaKiswahili: Kamusi za zamani zina pia "fidi", yaani komboa. Ukiiweka kando ya "fidia" utaona kama rudi na rudia. Siku hizi "fidi" huisikii, imebaki "fidia" ikifanya kazi ya kitenzi na ya jina. Mzee, ulikosa herufi moja tu: "nifidiwe".

Wakili_Kijiweni: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo iko hivyo hivyo: ardhi yako ikitwaliwa, wewe unalipwa fidia, hufidii. Ila ushauri wangu, neno hili liache. Kwenye risiti andika "mteja atalipa bei ya kila kiti kitakachovunjika", na bei uitaje. Halafu asaini kabla viti havijapanda kwenye gari.

MzeeWaTurubai: Shukrani wakuu. Nimemtumia: "Samahani, nilikosea herufi, naomba nifidiwe." Tiki za bluu zimetokea saa nne asubuhi. Mpaka sasa kimya.