Tope la bandarini likichimbwa, likamwagwe wapi?

Wadau nauliza. Meli zimekuwa kubwa, bandari lazima ziongezwe kina, hapo sibishani na mtu. Ila kila tukigusa hii mada tunaishia kwenye fidia tu, mara kesi ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, Mahakama Kuu ya Malindi 2018 iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe bilioni 1.76 za Kenya, sawa, haki yao, lakini lile tope lenyewe linaenda wapi? Mimi nasema lipimwe kwanza na majibu ya maabara yabandikwe hadi pale samaki wanaponadiwa kabla meli ya kuchimba haijafika. Mchanga safi ni mali, unajaza kiwanja cha gati au unarudishwa ufukwe uliolika. Kuna lile jeusi sasa, linanuka dizeli, limelala miaka chini ya chelezo pale meli zinapotengenezwa, hilo ndo huwa na madini ya risasi, zebaki na ile sumu ya TBT ya rangi za meli iliyokatazwa rasmi kimataifa 2008. Ukichanganya lote ukamwage nje ya mwamba umetoa uchafu ukumbini ukauweka jikoni.

Fundi wa Gati: Kaka unaongea kirahisi. Kumwaga baharini sio haramu, Mkataba wa London wa 1972 wa utupaji taka baharini na itifaki yake ya 1996 vinaruhusu tope la bandari kwa kibali. Nchi kavu utaliweka wapi wewe? Lina chumvi, hata mchicha hauoti, na maji yake yakishuka kwenye visima vya watu mtaanza kulia tena humu humu.

Mwanzisha mada: Kibali hicho kina masharti bwana, upime, na kwanza uangalie kama lina kazi nyingine ya kufanya. Hapo ndo panarukwaga. Rotterdam kule Uholanzi wana shimo kubwa linaitwa Slufter toka miaka ya 80, tope chafu linaingia humo, safi linarudi baharini. Sisemi tuige shimo, nasema wenzetu wanagawa mafungu.

Binti wa Mvuvi: Mi mikataba siijui. Baba anatega madema, kipindi wanachimba huku kwetu dema linapanda limejaa tope laini kama uji wa ulezi, changu wawili ndani wamekufa, matamvua yameziba. Yale mashimo ya pweza tuliyokuwa tunaenda na mama na vijiti, siku za bamvua, yale maji makubwa, yakitoka, yote yakafukiwa. Na pazia la kuzuia tope lilikuwepo jamani, tuliliona, ila siku za bamvua mkondo ulilibeba likalala juu ya maji kama kanga iliyosahaulika. Wangemuuliza baba angewaambia, maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, tope linatua hapo hapo, bamvua linafika mpaka kwenye majani wanakolisha kasa.

Fundi wa Gati: Hapo dada sina ubishi. Pazia haliwezi mkondo mkali, kazi inatakiwa isimame maji yapoe kwanza. Lakini ile meli ikisimama masaa manne hela inaungua, nani analipa?

Mwanzisha mada: Mwenye gati. Iandikwe kwenye tenda toka mwanzo, masaa ya kusubiri maji yawe na bei yake, mbona fundi wa lami mvua ikinyesha anasimama na hakuna anayeshangaa.

Binti wa Mvuvi: Na hiyo ratiba ya kusimama muulizeni baba, haihitaji hata kompyuta.