Mbona jibu sahihi linataja jambo ambalo hoja haikulisema?

Swali

Ndugu zangu, najiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, na maswali ya chanzo na matokeo yananitoa jasho. Hoja moja ya mazoezi ilisema kwamba mji fulani ulifunga taa barabarani, wizi wa usiku ukapungua, na kwa hiyo taa ndizo zilizoupunguza. Tuliulizwa hoja hiyo inategemea dhanio gani. Nilichagua "Taa ni njia bora kuliko zote za kupunguza wizi", kumbe jibu lilikuwa "Kupungua kwa wizi hakukutokana na kuongezwa kwa askari wa doria pekee". Askari hao wametoka wapi, ilhali hoja haikuwataja?

Jibu la 1

Hawakutajwa, na ndiyo maana wakawa jibu. Dhanio ni jambo ambalo mwenye hoja amelichukulia kuwa kweli bila kulisema, na anayeona mambo mawili yakifuatana kisha akasema la kwanza limeleta la pili amekwisha kukana kimoyomoyo kila chanzo kingine ambacho peke yake kingetosha kuleta matokeo hayo. Kanusha kila chaguo uone. Ikiwa wizi ulipungua kwa sababu ya askari pekee, hitimisho linaanguka. Taa zisipokuwa njia bora kuliko zote, bado yawezekana zilipunguza wizi.

Jibu la 2

Naongeza tahadhari: neno "pekee" ndilo lililobeba uzito. Chaguo lingesema "Askari hawakuongezwa", kulikanusha kusingeiangusha hoja, kwa kuwa askari na taa vingeweza kusaidiana. Chaguo la namna hiyo huipa hoja nguvu, lakini hoja hailitegemei, na watahiniwa wengi hunaswa hapo.

Jibu la 3

Mfano wa kweli ni wa daktari John Snow wa London, aliyedai kwamba kipindupindu mtaani kilienezwa na maji ya pampu moja. Mpini wa pampu hiyo, ya mtaa wa Broad Street, uliondolewa ili watu wasiitumie tarehe 8 Septemba 1854, na kipindupindu kikaisha. Snow mwenyewe alikiri kwamba wakazi wengi walikuwa wamekwisha kuhama na vifo vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya hapo, kwa hiyo hakuegemea mfuatano huo. Miongoni mwa mambo aliyoyaegemea ni kwamba katika kiwanda cha bia kilichokuwa jirani, ambako wafanyakazi walikunywa bia na hawakuhitaji pampu, hakufa hata mmoja.

Muuliza swali

Nashukuru. Sasa naona kwamba chaguo langu lililinganisha taa na njia nyingine, ilhali hoja haikulinganisha chochote.