Nimeugua miezi 5, maswali ya Jumapili niyarudishe vipi?

Ticha wa Baio:
Kamwene wakuu. Mi ni ticha wa baiolojia hapa Mafinga, shule ya private siitaji. Nilikuwa na katabia kangu, kila Jumapili jioni naandika maswali 10 ya form four nawatumia wazazi kwenye simu, watoto wanajibu kwenye daftari, Jumatatu tunasahihisha. Miaka mitatu sijaruka hata wiki moja mpaka mwezi wa pili kifua kikanilaza. TB. Na aibu yenyewe ni kwamba mimi ndo nasimama ubaoni nawaambia watoto ukikohoa wiki 2 kapime, mwenyewe nimekohoa wiki 5 nakunywa mchaichai nasema ni vumbi la chaki, mpaka jasho la usiku likawa linalowanisha shuka ndo wife akanisukuma hospitali.

Sasa hivi niko mwezi wa tano wa dozi, zile dawa nne za miezi 2 ya kwanza nilishamaliza nimebaki na mbili (mkojo bado kama maji ya karoti lakini nimeshazoea), makohozi yamepimwa tena hayana wadudu, daktari kasema nirudi kazini. Shule inafungua Jumatatu. Shida ni kwamba form four wamepewa kijana mwingine na wamemzoea, na mimi nikisoma kurasa mbili kwa sauti napumua kama nimepanda ule mlima wa Ipogolo kwa miguu. Nianzie wapi? Zile wiki zote nilizoruka nizifidie? Na wazazi niwaambie nilikuwa wapi au nikae kimya tu?

Mama Uyole:
Pole sana mwalimu. Mi nilipasuliwa goita nikarudi darasani na sauti ya jogoo mwenye mafua. Usifidie chochote baba, ukianza kulipa wiki 20 utalala tena. Anza na maswali 3. Darasani wasomeshe wao kwa sauti, wewe andika ubaoni, na wakipiga kelele usishindane nao, gonga dasta mezani halafu nyamaza. Mi nilikuwa nanyamaza mpaka wanaogopa 😂 Huyo kijana usimnyang'anye darasa, mgawane mada.

Mnyalu wa Kihesa:
Ticha swali la pembeni, mshahara ulilipwaje?

Ticha wa Baio:
Mwezi wa kwanza walinipa, baada ya hapo sikuona kitu.

Mnyalu wa Kihesa:
Ndo nilichokuwa naogopa. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, ili mradi una cheti cha daktari. Wapelekee makaratasi kistaarabu kwanza, wakizingua nenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) ila usikae sana maana madai yasiyo ya kufukuzwa kazi yana siku 60.

Mzazi wa Makambako:
Mimi niongee kama mzazi. Sema mwalimu. Ticha mmoja wa mwanangu aliugua akakaa kimya, mtaani wakamtangazia ana ngoma (UKIMWI), mtoto analeta hiyo habari mezani tunakula. Usiposema watakusemea. Waambie ni TB, unakula dawa, umepimwa, basi. Na madirisha ya darasa yafunguliwe, najua kwa baridi ya mwezi huu wa saba watoto wetu wanayafunga na kuziba hata nyufa kwa makaratasi.

Mama Uyole:
Hapo kwenye madirisha umenena, huku Uyole hata walimu wenyewe ndo wa kwanza kufunga.

Ticha wa Baio:
Asanteni jamani. Nimempigia yule kijana, kumbe genetiki inamtoa jasho, kanibembeleza niichukue. Maswali nimeandika 3. La kwanza: "Mtu amekohoa wiki 5 anakunywa mchaichai. Taja makosa yake mawili na ueleze kwa nini darasa lake lifunguliwe madirisha." Natuma kwa wazazi saa 1 jioni hii hii.