Mafundi umeme Dodoma, acheni kupeleka umeme wa volti 230 getini kwa ajili ya kengele!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitapunguza makali. Iyumbu, Nala, Ilazo, kote kunajengwa. Mtu anaweka geti la chuma la mamilioni, halafu kengele yake inafungwa kwa namna inayoweza kumuua mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

Fundi anachomoa laivu (waya wenye umeme) kwenye sakiti ya taa, anaipitisha kwenye ukuta wa fensi mpaka kwenye swichi ya kubonyeza, nguzoni au kwenye geti lenyewe. Swichi ni ya ndani ya nyumba, haina hata mpira wa kuzuia maji. Wengine wanaweka swichi ikate nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu. Hapo umeme unapita kwenye koili (waya uliozungushwa) ya kengele na kukaa getini saa 24, kengele ikiwa kimya kabisa.

Geti likifunguliwa na kufungwa, waya unasuguliwa na chuma mpaka ganda linachubuka. Geti zima linapata umeme, na breka (swichi ya usalama inayojikata yenyewe) haikati! Mnajua kwa nini? Kiangazi udongo wa Dodoma unakauka vibaya, na mageti mengi hayana waya wa ethi (wa kupeleka umeme unaovuja ardhini). Nguzo ikiwa na upinzani wa ohm 100 kwenda ardhini, umeme unaovuja ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 6 haina habari na hizo. Kama kwenye DB (boksi la breka) hakuna RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, wa kwanza kugundua ni atakayeshika geti. Mvua za Desemba zikija ndiyo balaa, swichi inajaa maji.

Kengele ya 230 ina mahali pake: mlango wa ndani, pakavu, na swichi iliyotengenezwa kwa 230. Getini hapana.

Kazi sahihi ni transfoma ya kengele, 230 kuingia na volti 8 au 12 kutoka kulingana na kengele ilivyoandikwa. Ifungwe ndani ya DB kwenye breka yake ya ampea 6, siyo kuitupa juu ya jipsamu ambako hakuna atakayeifikia ikiungua. Angalieni upande wa kuingilia na wa kutokea, ukigeuza umeharibu. Waya mmoja wa upande wa kutokea uende moja kwa moja kwenye kengele. Wa pili uende kwenye swichi, urudi kwenye kengele. Basi! Waya hizi zisichanganywe na za 230 kwenye kondiuti (bomba la waya) moja, na chini ya ardhi zipite ndani ya bomba, maana mchwa wa huku hauachi kitu.

Unene wa waya nao ni kero. Mtu anavuta mita 30 kwa kebo ya intaneti halafu analaumu kengele kuwa ni feki. Kwenda na kurudi ni mita 60, na uzi mmoja wa kebo ile kwa urefu huo una ohm 5 na ushee. Kengele inayovuta ampea 1 inapoteza volti 5 njiani, kwenye volti 8 kinabaki nini? Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali huohuo haufiki ohm 1.

Wanaoagiza kengele za kamera mtandaoni: nyingi za kufunga kwa waya zinataka volti 16 hadi 24 AC (umeme wa aina ya gridi, siyo wa betri). Ukiipa 8 itawaka na kuzima. Na transfoma iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaingiza 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, inaungua.

Kengele isipolia, msikimbilie kubadilisha kila kitu na kumlipisha mteja. Kwanza pima kwa mita, ikiwa kwenye AC, pale transfoma inapotolea. Ya volti 8 bila mzigo husoma juu kidogo ya 8. Ikisoma sifuri, pima upande wa kuingilia kabla ya kuitupa. Ukishahakikisha ni volti ndogo, fungua swichi ya getini na gusisha waya zake mbili. Ikilia, swichi imekufa, mara nyingi ni vumbi na kutu kwenye miguso. Isipolia, shusha breka, gusisha waya hizo hapo getini kisha pima mwendelezo (kama waya ni mzima) kutoka upande wa kengele. Mita isiposoma, waya umekatika njiani.

Inaunguruma bila kugonga? Kile chuma kinachogonga kimekwama kwa vumbi, au swichi imeng'ang'ania ndani. Zima haraka, koili inaungua. Futa chuma kwa kitambaa kikavu, msipake oili, inakusanya vumbi zaidi.

Wenye nyumba, dai leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kabla ya kutoa advansi. Na leo hii mwiteni fundi mwenye leseni apime kwa mita swichi ya getini. Akikuta 230, azime sakiti hiyo, atenganishe waya za getini kule DB na kuzifunga ncha zake, na asizirudishe mpaka transfoma iwekwe.